Shangazi aliponiuliza kama hakimu anaweza kuikataa sheria

Mwaka 1998 nilikuwa mwaka wa pili Kitivo cha Sheria, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kesi ya Marbury dhidi ya Madison, ile ya Marekani ambamo mahakama ilibatilisha sheria ya Bunge, nilikuwa nayo kichwani yote. Tarehe ya hukumu, jina la Jaji Mkuu, kifungu kilichobatilishwa, hoja moja baada ya nyingine. Yote kwa Kiingereza, kama tulivyofundishwa. Likizo ilipofika nikapanda treni hadi Mwanza, nikavuka ziwa kwa MV Victoria, nikashuka Kemondo alfajiri. Jioni ya siku hiyo nilikuwa jikoni kwa shangazi yangu, Muleba, nikiombwa kueleza jambo hilo hilo, na maneno yakanikauka.

Alikuwa anamenya ndizi. Utomvu ulikuwa umemganda vidoleni, mweusi kama lami, na kisu hakikusimama hata alipoanza kuzungumza.

"Mwanangu, wewe unasoma sheria. Hebu niambie. Hakimu anaweza kuikataa sheria?"

Nikamuuliza ni sheria gani.

"Hii inayonikataa mimi."

Habari yake nilikuwa naijua nusu. Babu alipofariki mwaka 1991 aliacha wosia, na katika wosia ule alimpa shangazi upande wa chini wa kibanja, wenye mibuni na migomba ya zamani. Ndoa yake ilikuwa imevunjika siku nyingi, mtoto hakujaliwa, na babu hakutaka binti yake aje kuombaomba pa kulala. Kwa miaka saba aliupalilia upande ule peke yake. Sasa mguu ulikuwa unamsumbua, alihitaji fedha za matibabu na za mabati, akaamua kuuza robo ya eneo lake kwa mwalimu mmoja asiye wa ukoo wetu. Binamu yangu akakimbilia mahakama ya mwanzo kuzuia. Siku ya kwanza ya shauri hakimu alimsomea shangazi kanuni: mwanamke anaweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo, hiyo ataitumia maisha yake yote, lakini hawezi kuiuza. Akaambiwa arudi baada ya wiki tatu.

Na katika mahakama ya mwanzo, wakati ule, wakili hakuruhusiwa kumsimamia mtu. Kwa hiyo yeyote angemwandalia hoja, msemaji angekuwa shangazi mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kihaya. Ilinibidi nimweleze mpaka aelewe, si mpaka mimi niridhike.

Nikaanza na Marbury, kwa sababu ndiko nilikofundishwa kuanzia. Nikamwambia kwamba mwanzoni mwa mwaka 1801 Rais wa Marekani, John Adams, alikuwa ameshindwa uchaguzi na anaondoka madarakani. Siku zake za mwisho akawateua watu wengi kuwa mahakimu na walinzi wa amani, mmoja wao akiitwa William Marbury. Hati ya uteuzi ikasainiwa, ikapigwa mhuri, lakini haikumfikia. Rais mpya, Thomas Jefferson, akaingia, na serikali yake ikaikalia ile hati. Marbury akaenda moja kwa moja Mahakama ya Juu akiomba amri ya kumlazimisha waziri mhusika, James Madison, ampe hati yake.

"Nani alitakiwa kuipeleka hiyo hati?" shangazi akauliza.

Nikamwambia ni ofisi ya waziri wa mambo ya nje wa serikali iliyotangulia, John Marshall.

"Na jaji alikuwa nani?"

John Marshall. Adams alikuwa amemteua kuwa Jaji Mkuu kabla hajaondoka, na kwa mwezi mzima alishika kofia zote mbili.

Kisu kikasimama. "Yaani aliyesahau kupeleka barua ndiye aliyehukumu kesi ya barua?"

Muhula mzima tuliusoma uamuzi ule darasani na sikumbuki tukilijadili swali hilo kwa uzito wake. Kwa maadili ya leo jaji wa namna hiyo angetakiwa kujitoa. Shangazi aliliona kwa dakika mbili kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anasubiri kuhukumiwa, na mtu anayesubiri kuhukumiwa humtazama kwanza aliyekaa kwenye kiti.

Nikaendelea. Februari 24, 1803, Marshall alisoma hukumu. Alisema Marbury ana haki ya kupata hati yake. Alisema serikali imekosea kuizuia. Kisha akasema mahakama yake haiwezi kumsaidia, kwa sababu kifungu cha 13 cha Sheria ya Mahakama ya mwaka 1789, kilichomruhusu Marbury kuanzia pale juu, kiliipa mahakama mamlaka ambayo Katiba haikuipa. Bunge lao limetunga kifungu, Katiba inasema vingine, na kesi iko mezani. Jaji hawezi kufuata vyote viwili. Akachagua Katiba, na kifungu kikafa.

"Katiba yao imeandika kwamba jaji anaweza kufanya hivyo?"

Haijaandika. Hapo ndipo wanafunzi wengi tulipokwama, na hapo ndipo mimi nilipokwama mbele yake. Hakuna mstari katika Katiba ya Marekani unaosema kwa maneno ya wazi kwamba mahakama itabatilisha sheria ya Bunge. Nikaanza kutafuta namna ya kusema. Nikasema kuhusu ukuu wa Katiba, mgawanyo wa madaraka, na nikasikia mwenyewe kwamba natafsiri daftari langu la chuo. Shangazi akaniacha nihangaike, akaosha ndizi, akazipanga chunguni, akafunika kwa majani. Aliporudi kukaa akasema:

"Baba aliandika wosia. Ukoo ukamteua kaka yako mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi. Yule msimamizi akiamka kesho akasema wosia haufai, yeye anagawa anavyotaka, utamwambia nini?"

Nikamwambia hana uwezo huo. Usimamizi wake umetoka kwenye wosia.

"Na akiandika karatasi yake mwenyewe, akaipiga mhuri, hakimu akaletewa zote mbili?"

"Atafuata wosia."

"Basi. Bunge ni msimamizi."

Miaka mingi baadaye nilisoma tena hoja ya Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa Marekani, ya mwaka 1788, ya mtumishi na bwana wake, ya wakala na aliyemtuma, nikaona ni mfano ule ule ulioviringishwa kwa maneno marefu. Shangazi hakumsikia Hamilton maisha yake yote. Yeye alikuwa na mirathi isiyokwisha, na hiyo ilimtosha.

Usiku ule nililala nikifikiria upande wetu. Wazo la kwamba mahakama inaweza kuiambia sheria "wewe hapana" lilisikika Uingereza tangu 1610, jaji Edward Coke alipoandika katika kesi ya daktari Thomas Bonham, aliyefungwa na chuo cha waganga cha London kwa kutibu bila kibali chao. Lakini Waingereza baadaye waliliacha wakashika ukuu wa Bunge, na huo ukuu wa Bunge ndio uliotufikia sisi Tanganyika. Uganda na Kenya zilipata uhuru zikiwa na orodha ya haki ndani ya katiba zao. Sisi mwaka 1961 hatukuwa nayo. Viongozi wetu waliikataa wakisema itaifunga mikono serikali changa inayotaka kuleta maendeleo, na majaji wenyewe wakati ule wengi walikuwa wageni waliobaki kutoka enzi za ukoloni. Hofu ile naielewa. Sikubaliani na muda iliodumu. Katiba ya 1962, ya muda ya 1965, ya 1977, zote zilipita bila raia kuwa na ibara ya haki anayoweza kuishika mkononi na kuipeleka mahakamani.

Ilikuwa baada ya mjadala wa katiba wa 1983 ndipo mabadiliko ya tano, Sheria Namba 15 ya 1984, yakaingiza Haki na Wajibu. Hata hivyo Bunge likatunga nyingine papo hapo, Namba 16, iliyosema haki hizo zisidaiwe mahakamani kwa miaka mitatu, ili serikali ipate nafasi ya kurekebisha sheria zinazogongana nazo. Mlango ulifunguliwa Machi 1988. Sheria nyingi zilikuwa bado vile vile.

Kwenye begi langu nilikuwa na rundo la fotokopi za kozi, zimefungwa kwa kamba ya katani. Asubuhi nikazifungua nikitafuta kesi niliyokumbuka jina tu: Ephrahim dhidi ya Pastory, Mahakama Kuu Mwanza, Februari 22, 1990, Jaji Mwalusanya. Darasani tulikuwa tumeipitia haraka. Nikaanza kuisoma nikiwa nimekaa kwenye kizingiti, na nilipofika ukurasa wa kwanza katikati nikapiga kelele. Shauri lilianzia Mahakama ya Mwanzo Kashasha, Wilaya ya Muleba.

"Kashasha hii?" shangazi akauliza, akionyesha kwa kidevu.

Kashasha hii. Mwanamke aliyerithishwa ardhi ya ukoo na baba yake kwa wosia halali. Alipozeeka na kukosa wa kumtunza, aliuza ardhi ile kwa mtu asiye wa ukoo, Agosti 24, 1988, kwa shilingi 300,000. Miezi mitano tu tangu ule mlango ufunguliwe. Mtoto wa ndugu yake akafungua shauri. Mahakama ya mwanzo ikasema mauzo ni batili, fedha zirudishwe. Yule mwanamke akakata rufaa Mahakama ya Wilaya Muleba, na hakimu wa wilaya akaandika kwamba huo ulikuwa msimamo wa zamani; sasa tuna Haki za Binadamu ndani ya Katiba, na mwanamke wa ukoo ana haki sawa na mwanaume. Jaji Mwalusanya akaukubali uamuzi huo.

Nataka nikae kidogo kwa yule hakimu wa wilaya. Vitabu vinamsifu jaji, na anastahili. Lakini aliyeanza ni hakimu wa Muleba, ambaye pengine hakuwa na maktaba ya maana, akiamua rufaa ya shamba la migomba. Marshall alikuwa na nchi nzima inamtazama. Huyu alikuwa na watu wawili na karani.

Jaji naye alifanya jambo la ufundi. Kanuni iliyomzuia mwanamke kuuza ni ya 20 katika kanuni za urithi za mila, zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Namba 436 la 1963. Hakuifuta. Kifungu cha 5 cha ile Sheria Namba 16 kiliziagiza mahakama kuzisoma sheria za zamani pamoja na marekebisho yatakayozilinganisha na Katiba. Akaisoma kanuni ya 20 hivyo: mwanamke sasa anaweza kuuza kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanaume. Na alifanya hivyo wakati ibara ya 13 ya Katiba, inapotaja misingi ya ubaguzi uliokatazwa, haikuwa na neno jinsia. Neno hilo liliongezwa mwaka 2000. Yeye aliegemea usawa wa binadamu uliomo katika ibara, Azimio la Dunia la Haki za Binadamu la 1948, na mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake ambao nchi yetu ilikuwa imeuridhia.

Shangazi alisikiliza yote kisha akauliza kitu kilichonichoma.

"Hukumu imetoka lini?"

"1990."

"Na leo?"

Miaka minane. Kutoka Kashasha hadi kwake ni mwendo wa baiskeli. Hukumu ile ilikuwa imesafiri hadi Dar es Salaam na hadi kwenye vitabu vya sheria vya nje ya nchi, na mahakama moja ya mwanzo jirani ilikuwa inaendelea kuwasomea wanawake kanuni ya 20 kana kwamba hakuna kilichotokea. Sikuwa na la kumjibu.

Tulichofanya ni hiki. Nilitoa karatasi za daftari katikati, zile zenye mistari, nikaanza kuiandika hukumu kwa Kiswahili kwa mkono. Ilinichukua siku tano kupata kurasa nne. Sehemu ya kuisoma sheria pamoja na marekebisho niliiandika mara sita. Kila toleo nililisoma kwa sauti, na shangazi akitikisa kichwa nililichana. Toleo alilolikubali lilisema: "Sheria ya zamani isomwe upya ili ikae vizuri ndani ya Katiba." Mwalimu wangu wa chuo angenipunguzia alama, nadhani. Mimi nilijua kwamba shangazi ataweza kulisema.

Siku ya shauri nilikaa benchi la nyuma. Alisimama ameegemea fimbo. Binamu alisema yake, kwamba ardhi ni ya mababu na mila ni mila. Zamu ya shangazi ilipofika alisema, nami nanukuu nilivyosikia: "Mheshimiwa, hii kanuni unayonisomea si ya mababu. Imeandikwa na Serikali mwaka 1963, mimi nikiwa msichana. Katiba iko juu yake. Ninayo hapa hukumu ya Mahakama Kuu, shauri limetoka Kashasha. Naomba usome zote mbili, uniambie ipi imeizaa nyingine."

Hakimu aliipokea fotokopi, akaigeuza, akairudisha. Akasema yeye anafungwa na kanuni za mila. Shangazi alishindwa.

Nilikata tamaa kuliko yeye. Nilimwandikia sababu za rufaa kabla likizo haijaisha, tukazisajili Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30 zinazotakiwa, nikarudi chuoni. Mwaka uliofuata nikapata barua iliyoandikwa na mtoto wa jirani kwa niaba yake. Hakimu wa wilaya alikuwa ameifuata hukumu ya 1990. Binamu hakwenda mbele zaidi. Mwalimu akapewa robo yake, mabati yakanunuliwa, na mguu ukatibiwa, ingawa haukupona kabisa.

Tangu wakati huo nimefanya kazi ya sheria zaidi ya miaka ishirini, na imani yangu kwa nguvu hii ya mahakama imepigwa mara kadhaa. Chuoni hatukukaa sana kwenye mara ya pili Mahakama ya Juu ya Marekani ilipobatilisha sheria ya Bunge lao. Ilikuwa 1857, kesi ya Dred Scott, mtu mweusi aliyedai uhuru wake. Majaji walisema watu wa asili ya Kiafrika hawawezi kuwa raia, na wakabatilisha sheria iliyokuwa ikizuia utumwa katika sehemu za nchi ile. Silaha ile ile ya Marshall. Niliposoma hukumu hiyo yote nilitoka nje nikatembea.

Hapa kwetu nimeona namna nyingine za kuumia. Mwaka 1994 Mahakama Kuu, katika kesi ya Mchungaji Mtikila, ilisema mgombea binafsi anaruhusiwa. Bunge likabadilisha Katiba yenyewe ili asiruhusiwe. Mwaka 2005 wajane wawili wa Shinyanga walizipinga kanuni zile zile za urithi za 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba zinawabagua wanawake, kisha ikakataa kuzitangaza kuwa kinyume cha Katiba, kwa hofu kwamba kila mila ingefuata njia hiyo. Kukiri jeraha na kukataa dawa! Rufaa yao ilikwama kwenye dosari za kiufundi, ikabidi waende hadi kamati ya Umoja wa Mataifa, iliyowapa haki mwaka 2015. Na katika kesi ya umri wa ndoa, Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 zilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinakiuka Katiba, Serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha, na mwaka huo ukaisha bila marekebisho.

Lakini kila ninapoulizwa na vijana nguvu hii imetoka wapi, siwapeleki Washington kwanza. Nawapeleka Muleba.

Mara ya mwisho nilipomtembelea shangazi, alikuwa amezeeka sana, haoni vizuri. Tulikuwa tunakunywa chai barazani, akaja binti wa kama miaka kumi na tisa, akapiga goti kusalimia. "Shikamoo bibi. Mama amenituma. Anaomba ile karatasi ya Kashasha."

Shangazi akanituma ndani nikalete sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na wosia wa babu, stakabadhi za kahawa, na zile kurasa nne, zimegeuka rangi ya chai kwa moshi, mkunjo wa katikati umeshonwa kwa uzi mweusi.

"Haitoki hapa," akamwambia binti. "Kaa uandike yako."

Binti alikuwa na daftari. Akakaa kwenye mkeka, akaanza kunakili, akisoma kila mstari kwa sauti ili bibi asikie. Alipofika ukurasa wa tatu akasoma, "Sheria ya zamani isomwe upya ili ikae vizuri na Katiba."

"Ndani ya," shangazi akasema, macho yamefumba. "Rudia. Ndani ya Katiba."